Kipimo Huchagua Kilevi

Nchi ya Suguti, iliyo kusini ya Ghuba ya Mara, ambamo Wajita, Wakwaya na Waruri wamekaa tangu zamani wakivua samaki, wakilima muhogo, mtama na ulezi, na kuchunga ng'ombe baina ya vilima vya mawe na maji ya Ziwa Nyanza, imepakana na vilevi viwili ambavyo tabia zake hazifanani. Ukitoka Musoma ukavuka Mto Mara kwa daraja la Kirumi na kushika njia ya Tarime, unaingia katika nchi ambayo kwa miaka mingi haikukosekana katika taarifa za serikali kwa sababu ya mashamba ya bangi yaliyofichwa katika bonde la mto. Na ukibaki huku ufukweni, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Kanda ya Ziwa, hutatembea mbali kabla ya kuonyeshwa nyumba inayouza gongo. Bangi huvutwa kwa muda mfupi, ikalevya kwa saa chache, kisha athari yake ikakaa mwilini siku nyingi baada ya ulevi wenyewe kwisha. Gongo hulevya kwa nguvu, humwangusha mtu njiani, na kesho yake jioni haina ushahidi wa kushikika. Tofauti hii, ambayo wazee wetu hawakuwa na haja ya kuijua, ndiyo iliyokuja kuamua katika nyakati zetu nani apate kazi na nani aikose. Na zaidi ya hayo, jambo ambalo watunga kanuni hawakulikusudia, imewafundisha watu kilevi gani wakishike na kipi wakiache.

Kabla ya mashine palikuwa na pua na macho. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1890, ambao nia yake kuu ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, uliweka pia masharti juu ya kuingiza pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika; mapatano ya Saint-Germain-en-Laye ya mwaka 1919 yakayakaza masharti hayo; na Tanganyika ilipotiwa chini ya udhamini wa Waingereza, Mwafrika alijikuta amekatazwa wiski na jamii yake yote, akaachiwa pombe yake ya nafaka peke yake, nayo kwa kibali cha kuipika na kuiuza, na kwa saa zilizopangwa na wakubwa. Yaliyonenwa wakati ule juu ya siha na adabu ya wenyeji yalikuwa mengi, na mengine ya kweli, lakini msomaji hatakosea akikumbuka kwamba wenye migodi na mashamba walikuwa na hoja yao iliyo fupi zaidi: kibarua aamke asubuhi ya Jumatatu.

Sasa pombe ya ulezi ni kitu cha dhahiri kuliko vyote. Nafaka huoteshwa, huanikwa, husagwa, hupikwa, huachwa ichachuke. Siku hupita, mitungi hupangwa, kuni huletwa, majirani wote hujua, na siku ya kunywa watu hukusanyika kwa makelele yasiyofichika. Karani wa jumbe hakuhitaji elimu yoyote kuigundua. Katika miaka ya 1930, dhahabu ilipokuwa ikichimbwa Kiabakari na Buhemba, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Butiama, na vijana wa vijiji vya ziwani wakaanza kupokea ujira wa fedha taslimu, pombe hii ndiyo iliyoonekana kuwa adui wa kazi, maana ndiyo iliyoonekana. Moshi, ambao wengine huuita gongo na wengine piwa, haukuwa na kishindo hicho. Pombe iliyochachuka hutiwa katika pipa, pipa huwekwa motoni, mvuke hupitishwa katika mrija uliozamishwa ndani ya maji baridi, na kinachodondoka upande wa pili huingia katika chupa ambayo mtu aweza kuitia ndani ya koti lake akapita mbele ya karani akimwamkia. Kazi iliyokuwa ya mitungi kumi ikawa ya chupa chache. Kadiri msako ulivyozidi kukazwa juu ya mtungi, ndivyo faida ilivyozidi kuhamia kwenye chupa, na mnywaji aliyezoea pombe nyepesi ya kushibisha akapewa maji makali yasiyoshibisha kitu, yaliyopikwa gizani na mtu mwenye haraka, ambayo mara nyingine yalikuwa na sumu.

Serikali za uhuru hazikuiacha njia ile. Uganda ilitunga sheria ya enguli, yaani moshi wa huko, mwaka 1965, Tanzania ikatunga ya moshi mwaka 1966, na zote mbili zilifanya kuwa kosa kupika bila leseni. Kenya ikaja kuupiga marufuku kabisa moshi wake, yaani chang'aa, mwaka 1980, ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2010 baada ya miaka 30 ya maafa ya watu kupofuka na kufa kwa vinywaji vilivyochanganywa na sumu. Nimelianza jambo mbali namna hii kwa makusudi, kwa kuwa wanaosimulia habari za vipimo vya kazini hudhani kwamba zimeanza na maabara. Maabara imebadilisha chombo tu. Kanuni ilikuwapo kabla yake: kila ukaguzi una jicho lake, na kila jicho lina mahali ambapo halioni, na mahali hapo ndipo watu huhamia.

Bangi iliingia katika sheria za dunia kwa mlango wa Geneva. Katika mkutano wa kasumba wa miaka ya 1924 na 1925, mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, aliwasihi wenzake waiweke hashishi katika orodha ya vitu vya hatari, na mapatano yaliyotiwa saini tarehe 19 Februari 1925 yakaiweka. Mapatano makubwa ya mwaka 1961 yakaifungia pamoja na heroini na kokeini. Tangu hapo jani la Tarime na unga wa viwandani vilikuwa ndugu mbele ya hakimu, ingawa havikuwa ndugu mbele ya tabibu. Walakini bado hakukuwa na namna ya kumjua aliyevuta ila kwa harufu ya nguo zake, na harufu hiyo, kama itakavyodhihirika, ina sehemu kubwa katika hadithi hii.

Mahali ambapo kipimo kilizaliwa kwa kweli ni vitani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 askari wa Marekani waliokuwako Vietnam walikuwa wakivuta bangi kwa wingi, na mwezi Januari 1968 John Steinbeck wa nne, mtoto wa mwandishi yule mashuhuri, ambaye mwenyewe alikuwa askari huko, aliandika makala iliyowafadhaisha watu wa Washington kwa kueleza jinsi jambo hilo lilivyoenea. Wakubwa wa jeshi waliamka. Walipiga vita bangi kwa hotuba, kwa misako, kwa mbwa, na kwa kuwakamata askari kwa maelfu. Na kazi ilikuwa rahisi, kwani bangi ni kitu cha kuchukua nafasi na moshi wake humfikia ofisa aliye katika hema la tatu. Muda si mrefu, mwaka 1970, ikaingia nchini humo heroini nyeupe, safi kupita kiasi, kutoka maabara za milimani mwa nchi jirani. Ilikuwa ya bei nafuu, ilitosha katika kichupa kidogo kuliko kidole gumba, na askari waliichanganya na tumbaku katika sigara ya kawaida wakaivuta mbele ya wakubwa wao, na hapana aliyesikia harufu.

Wapo waliosema kwamba jeshi lenyewe ndilo lililowasukuma askari kutoka kwenye jani hadi kwenye unga. Na wapo wanaobisha, wakisema kwamba unga ungalikuja hata kama bangi ingaliachwa, kwa sababu wenye kuuza walikuwa wamekwisha kuutengeneza na walitaka soko. Mimi naona kwamba hoja hizi mbili hazipigani kama wenyewe wanavyodhani. Mwenye kuuza huleta alichonacho, lakini mnunuzi huchukua kinachomfaa, na katika kambi ile, kwa mwaka ule, kilichomfaa mtu aliyechoka kuadhibiwa kilikuwa ni kile kisichonuka. Vyovyote iwavyo, Mei 1971 wabunge wawili, Robert Steele na Morgan Murphy, walirudi kutoka Vietnam wakatangaza kwamba askari 10 hadi 15 katika kila 100 wamekuwa watumwa wa heroini, na mnamo tarehe 17 Juni Rais Nixon akasimama mbele ya waandishi wa habari akautaja ulevi wa dawa kuwa adui namba moja wa taifa. Akamweka daktari wa akili, Jerome Jaffe, aongoze vita hivyo, na Jaffe akaleta chombo ambacho hapo awali hakikupata kutumiwa kwa watu wengi kiasi hicho: kikombe cha mkojo. Askari aliyemaliza mwaka wake hakupanda ndege ya kurudi kwao mpaka akojoe mbele ya shahidi na mkojo wake usionyeshe unga. Aliyeshindwa alizuiliwa siku kadhaa, akatolewa sumu, akapimwa tena.

Hapa ndipo palipotokea jambo ambalo wachache walilitazamia. Mtafiti Lee Robins wa chuo kikuu kimoja cha St. Louis aliwafuata mamia ya askari waliorudi mwezi Septemba 1971, akawahoji majumbani mwao mwaka uliofuata, akagundua kwamba karibu nusu yao walikuwa wamejaribu kasumba au heroini walipokuwa Vietnam, na kwamba mmoja katika kila watano alikiri kwamba alikuwa ameshikwa. Lakini kipimo cha kuondokea kilikuwa kimemnasa mmoja tu katika kila kumi. Wengine walikuwa wamejua siku ya kupimwa, wakavumilia arosto siku mbili tatu, wakapita. Fauka ya hayo, katika wale walioshikwa, ni watano tu katika kila mia walioshikwa tena ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani. Habari hii ilikuwa njema kiasi cha kutosadikiwa, na Robins alisumbuliwa nayo kwa miaka. Kwa shabaha yetu inatosha kutambua kwamba kikombe kilikuwa kimekwisha kuonyesha tabia yake tangu siku zake za kwanza: humkamata asiyejua kuhesabu siku.

Tarehe 26 Mei 1981 usiku, ndege ya kivita ilianguka juu ya sitaha ya manowari Nimitz, karibu na Florida, ikaua watu 14. Maiti zilipopasuliwa, katika baadhi ya wale mabaharia wa sitahani palionekana athari za bangi. Haikusemwa na wachunguzi kwamba bangi ndiyo iliyoiangusha ndege, wala waliovuta hawakuwa ndio walioirusha. Lakini athari ilionekana, na kinachoonekana huwa na nguvu, na kabla ya mwaka kwisha mkuu wa jeshi la majini alikuwa ametangaza kwamba hatavumilia tena kitu cho chote cha namna ile. Kutoka jeshini kipimo kilihamia maofisini. Mwezi Agosti 1986 Rais Reagan na makamu wake, pamoja na wasaidizi wao wakubwa, walitoa mikojo yao kuwa mfano kwa raia, kitendo ambacho sijui kama kina mwenzake katika historia ya wafalme; na tarehe 15 Septemba Reagan akatia saini amri ya kupimwa watumishi wa serikali kuu walio katika kazi nyeti. Mnamo Januari 1987 treni mbili ziligongana huko Chase, Maryland, watu 16 wakafa, na dereva wa injini za mizigo akathibitika kuwa alivuta bangi; basi hoja zote zikanyamaza. Viwanda, makampuni ya malori, migodi na maduka makubwa vikaingia katika njia hiyo, na vitu vitano vikawekwa kuwa ndivyo vya kutafutwa: bangi, kokeini, kasumba na jamaa zake, amfetamini, na kitu kimoja kiitwacho PCP. Pombe haikuwamo katika vitano vile.

Inafaa tusimame kidogo hapa tueleze kikombe kinavyofanya kazi, kwa kuwa bila ya kulijua hili mambo yanayofuata yataonekana kama hila za walevi tu. Kipimo cha mkojo hakiutafuti ulevi. Hutafuta mabaki ya kilevi baada ya ini kumaliza kukivunja. Kiini cha bangi hupenda mafuta. Huingia katika shahamu za mwili kikajificha humo, kisha hutoka polepole, hata mtu aliyevuta mara moja aweza kukutwa nayo siku tatu baadaye, na yule wa kila siku akakutwa nayo mwezi mzima baada ya kuacha. Heroini na kokeini hazina tabia hiyo: mabaki yake huyeyuka katika maji ya mwili, yakatoka kwa siku mbili, tatu au nne. Pombe hutoka kwa saa. Kwa hiyo ukiwapanga wanne hawa kwa madhara yao, mbali ya rai za washupavu wa kila upande, hutaiweka bangi mbele. Na ukiwapanga kwa urahisi wa kukamatwa, bangi itakuwa ya kwanza, tena mbali sana na wenziwe. Mtu aliyezoea kuvuta, akavuta Ijumaa usiku na kupimwa Jumatano, ni mkosaji. Mtu anayekunywa pombe kali Jumanne mpaka aanguke, akapimwa mkojo Jumatano jioni kwa vitu vitano vile, ni mfanyakazi safi.

Insafu yanidai niseme kwamba kipimo hakikushindwa kazi yake. Katika majeshi ya Marekani, ambako askari waliulizwa kwa siri, waliosema kwamba wametumia dawa za kulevya katika siku 30 zilizopita walikuwa karibu 28 katika kila 100 mwaka 1980, na mwaka 1992 wakawa kiasi cha 3. Huo si upungufu wa kudharauliwa, na atakayesema kwamba vitisho havibadilishi tabia ana jambo la kujibu. Ila katika maswali hayo hayo ulevi mkubwa wa pombe ulipungua kidogo tu, kutoka takriban 21 katika 100 hadi 15 na ushei. Kilichotafutwa kilishuka, kisichotafutwa kilibaki kimekaa raha mustarehe kantini.

Katika magereza ya Uingereza na Wales, ambako kila mfungwa alianza kuwa katika hatari ya kupimwa kuanzia mwaka 1996, mambo yalikuwa ya kuhuzunisha zaidi. Siku za kifungo huongezwa kwa kipimo kibaya, na mfungwa ana muda mwingi wa kufanya hesabu. Baadhi yao waliwaambia watafiti waziwazi kwamba wameacha bangi wakashika heroini, kwa kuwa ile huonekana mwezi na hii huonekana siku mbili. Wingi wao ulibishaniwa, na wizara husika haikupenda kuusikia. Lakini hata wangalikuwa wachache, ni adhabu gani hii ambayo humwingiza mtu gerezani na moshi wa majani na kumtoa akiwa teja wa unga?

Kisha ikaja zamu ya wanakemia. Profesa John Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, akitafuta kuelewa jinsi ubongo unavyopokea kiini cha bangi, alikuwa ameunda katika maabara yake mamia ya vitu vinavyofanana nacho kwa kazi na kutofanana nacho kwa umbo. Alivichapisha kama ilivyo desturi ya wanazuoni. Mwisho wa mwaka 2008 maabara za Ujerumani ziligundua kwamba kimojawapo, kilichoitwa JWH-018 kwa herufi za jina lake, kimenyunyiziwa juu ya majani makavu na kuuzwa kwa jina la Spice kama ubani wa kufukiza nyumba. Wanunuzi walikuwa wa namna nyingi, lakini miongoni mwao walikuwamo askari, wafungwa waliotolewa kwa masharti na wafanyakazi wa mahali panapopimwa, kwa sababu kikombe kilichokuwa kikitafuta bangi hakikumjua huyu ndugu yake wa kiwandani. Kilipofundishwa kumjua, wenye viwanda walibadilisha kipande kimoja cha umbo lake wakatoa kingine, kisha kingine, kila kimoja kigeni na kikali kuliko kilichotangulia. Na watu ambao bangi ingaliwapa usingizi walifikishwa hospitalini wakitetemeka na moyo ukienda mbio. Hiyo ni moshi na mtungi tena, katika karne nyingine na kwa shahada za juu.

Na kwa kuwa historia haipendi kuegemea upande mmoja, nitaje tokeo moja ambalo halikukusudiwa vile vile, nalo lilikuwa jema. Mwanauchumi Abigail Wozniak, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2015, alionyesha kwamba katika majimbo ya Marekani yaliyopendelea vipimo, watu weusi walipata ajira kwa wingi zaidi, hasa wenye elimu ndogo. Sababu yake ni ya aibu. Waajiri walikuwa wakimdhania mtu mweusi kuwa mtumiaji hata kabla ya kumwona. Kikombe kilimpa karatasi ya kuikanusha dhana hiyo.

Kwetu mambo haya yalifika kwa kuchelewa na kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya pwani, ambako unga wa heroini uliingia Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam tangu miaka ya 1980, ukavutwa kwanza na baadaye ukadungwa, ukaleta mateja, kete, na magonjwa ya damu. Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya dawa za kulevya mwaka 1995, likaiondoa mwaka 2015 kwa sheria nyingine kali zaidi iliyoanzisha Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Na katikati ya sheria hizo mbili, Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa wagonjwa methadoni. Hapo kikombe cha mkojo kilitumika kwa nia nyingine kabisa, kwa maana tabibu anayejua kwamba mgonjwa wake bado anatumia unga huongeza dozi au huongeza mazungumzo, hamfukuzi. Mirungi nayo, ambayo kwa Mkenya wa upande wa pili wa mpaka wa Sirari ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria, ikivuka hatua chache kuja kwetu ni dawa ya kulevya na mwenye kuibeba ni mhalifu. Nao viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyoingia katika mfuko wa shati wa dereva na wa kibarua bila kuonekana, vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Nadhani hapana kilevi kilichotii kanuni ya udogo kuliko hicho.

Njia ya pili ilikuwa ya dhahabu. Migodi ya zamani ya Kiabakari na Buhemba ilikuwa imenyamaza, lakini mwaka 2002 ulifunguliwa mgodi mkubwa wa North Mara huko Tarime, na migodi mingine mikubwa ikafunguliwa kandokando ya ziwa, yenye malori ambayo gurudumu lake hupita urefu wa mtu. Mtu mmoja aliyelewa juu ya lori kama hilo ni msiba, na sina ugomvi na anayetaka kumzuia. Desturi iliyoenea katika migodi ya namna hii ni kumsimamisha mfanyakazi getini mwanzo wa zamu apulize hewa katika kipima ulevi, chombo ambacho babu yake alibuniwa na Robert Borkenstein wa Indiana mwaka 1954. Na kwa kubahatisha majina huchaguliwa wengine watoe mkojo.

Angalia basi mikono miwili hii inavyovuta pande mbili. Pumzi humkamata mnywaji. Mwili huondoa pombe kwa mwendo wake usiobembelezwa, kiasi cha asilimia 0.015 kwa saa katika kipimo cha damu, hata mtu aliyelala saa sita usiku akiwa na 0.10 huenda akafika getini saa kumi na mbili asubuhi akiwa hajasafika, ingawa amelala, ameoga na amekunywa chai. Kwake yeye, jani la Tarime lina faida iliyo wazi: kipima pumzi hakilijui. Mkojo, kwa upande wake, humkamata mvutaji, tena wa wiki iliyopita. Na kwake huyo, chupa ya gongo inywewayo mwanzo wa siku za mapumziko ndiyo salama. Mgodi unaopima pumzi kila siku na mkojo kwa nadra humwelekeza mtu kwenye jani. Ofisi inayopima mkojo siku ya kuajiri peke yake na pumzi kamwe humwelekeza kwenye chupa. Na Mkoa wa Mara, kwa bahati yake, una vyote viwili kwa bei ya chini na karibu na barabara. Sidai kwamba kila kijana huipiga hesabu hii, kwa kuwa walio wengi hawanywi wala hawavuti, na wengine hunywa bila hesabu yo yote. Nasema kwamba hesabu ipo, na anayetaka kuipiga hahitaji elimu kubwa.

Tena, aliyefukuzwa getini haendi mbinguni. Katika nchi ya dhahabu mtu ambaye mgodi mkubwa umemkataa ana mlango mwingine ulio wazi mchana na usiku, nao ni wa wachimbaji wadogo, ambako hapana kipima pumzi, hapana kikombe, na mara nyingine hapana hata kofia ngumu. Huteremka katika duara kwa kamba, chini ya ardhi isiyoshikiliwa ila na magogo. Takwimu za ajali za kampuni iliyomwondoa zitakuwa nzuri, na kwa haki kabisa zitachapishwa katika taarifa ya mwaka.

Katika Marekani, nchi ambako kikombe kilianzia, watu wameanza kukigeukia kwa mashaka. Jimbo la Nevada liliwakataza waajiri wengi, kuanzia Januari 2020, wasimnyime mtu kazi kwa sababu ya bangi iliyoonekana katika kipimo cha kuajiriwa. California ikafuata kuanzia tarehe 1 Januari 2024, kwa sheria inayotofautisha kitu kinacholevya na mabaki yake yasiyolevya. Na serikali kuu mwaka 2023 ilikubali kanuni ya kupima mate kwa watu wa uchukuzi, ambayo huonyesha matumizi ya karibu zaidi kuliko mkojo. Bado hapana chombo kinachoweza kusema juu ya bangi kile ambacho kipima pumzi husema juu ya pombe, yaani mtu huyu, saa hii, hafai kushika usukani. Kwetu shida hiyo ina tabaka moja zaidi, kwa kuwa chini ya sheria ya mwaka 2015 kutumia jani lenyewe ni kosa, mtu awe amelewa kazini au alivuta kwao Jumamosi akalala. Hivyo mwajiri wa Mara anayeshika kikombe getini huwa anafanya kazi mbili kwa chombo kimoja, ya kulinda lori na ya kumsaidia polisi, na kikombe hakina namna ya kumwambia ni ipi kati ya hizo mbili aliyoifanya asubuhi ile.